Neno "Thibitisha"

Ukiyakusanya maswali ya fasihi yaliyoulizwa katika shule zetu za sekondari kwa miaka arobaini iliyopita, ukayapanga mezani kama mtu apangaye karata, utaona kwamba kuna neno moja linalorudi kila mara kama mgeni asiyejua kuaga. Neno hilo ni "thibitisha". Mwandishi fulani ni mtetezi wa wanyonge, thibitisha. Mwanamke amechorwa kama kiumbe duni. Thibitisha kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma. Fasihi ni kioo cha jamii. Thibitisha kwa hoja tatu kutoka katika kila kitabu. Ndugu zake wapo pia, "dhihirisha" na "tetea", lakini yeye ndiye mkubwa wa nyumba.

Neno hili nimeishi nalo. Nilianza kushika chaki katika miaka ya sabini, nikafundisha sekondari, nikawa mkufunzi, na hatimaye mkuu wa chuo cha ualimu hadi nilipostaafu. Kazi yangu chuoni haikuwa hasa kufundisha fasihi bali kuwafundisha wale watakaoifundisha, na mwenye kazi hiyo husoma maandalio ya masomo mengi kuliko vitabu. Wanachuo walipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, nilikaa nyuma ya madarasa yao, juu ya dawati fupi lililoniumiza magoti, nikasikiliza maswali. Mwalimu kijana akiingia darasani, mimi sisikilizi sana maelezo yake. Husubiri swali lake la kwanza. Hapo ndipo anapojulikana kama anawataka watoto wafikiri au wamwitikie.

Dai langu ni hili. Swali linaloanza na "thibitisha" halimfundishi mwanafunzi kutafuta ushahidi. Humfanya kama mtoto aliyetumwa dukani: ameshaambiwa anunue nini, na fedha kafungiwa katika ncha ya kanga. Atakwenda, atarudi na kilo ya sukari, tutamsifu. Lakini hakuchagua kitu.

Tuwe waadilifu, hata hivyo. Neno hili halikuzaliwa na ubaya. Kabla halijashika hatamu, mwanafunzi aliyeulizwa juu ya kitabu alikisimulia kitabu chote, kuanzia alipozaliwa mhusika mkuu hadi alipozikwa, akamaliza kwa kusema kwamba hadithi hii ni nzuri na inafundisha. Wengine walitoa hotuba. Ukiuliza juu ya ukoloni katika riwaya, unaandikiwa ukurasa mzima juu ya ukoloni, na riwaya haionekani hata kwa tochi. "Thibitisha" lilikuja kuwarudisha watu hawa kitabuni. Lilisema: usihubiri, onyesha. Kwa hilo tulishukuru. Tatizo ni kwamba liliwarudisha kitabuni huku limekwisha kuwaambia watakayoyakuta humo.

Nichukue kitabu kimoja ili tusizungumze hewani, ingawa kitabu chenyewe ni cha nchi iliyo angani. Kusadikika cha Shaaban Robert kilitoka mara ya kwanza mwaka 1951. Kisa chake ni cha mashtaka. Waziri aitwaye Majivuno anamshtaki Karama mbele ya Mfalme na baraza, kosa lake likiwa kuwafundisha watu sheria. Karama anapojitetea hasemi kwamba yeye ni mtu mwema. Analeta habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi hiyo, pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na mafunzo ya manufaa, na malipo yao yakawa kifungo. Mwishowe Mfalme anaukubali utetezi wake. Karama anaachiwa, na wafungwa wale wanafunguliwa. Jina la nchi limetoka katika kusadiki. Ni vigumu kupata katika Kiswahili kitabu kingine kinachohusu ushahidi waziwazi kiasi hiki: mtu ameshtakiwa, anatoa habari, na wasikilizaji wanaamua kama habari hizo zinasadikika.

Sasa tazama swali ambalo nimelikuta, kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo, katika madaftari yasiyo na idadi: "Kusadikika ni nchi isiyo na haki. Thibitisha." Mwanafunzi anaandika kwamba wajumbe walifungwa bila kosa. Kweli. Anaandika kwamba waziri anatumia cheo chake kumwangamiza mtu. Kweli. Anaandika kwamba kufundisha sheria kumefanywa kosa. Kweli pia. Hoja tatu, alama zote, jarada linafungwa. Lakini mwisho wa kitabu umekwenda wapi? Yule Mfalme aliyemsikiliza mshtakiwa mpaka akamaliza, kisha akafungua gereza, tumweke wapi? Mwanafunzi aliyekisoma kitabu mpaka ukurasa wa mwisho ana kazi ngumu hapa. Aliyesoma nusu, au aliyesoma lile desa linalouzwa stendi, hana shida yoyote. Swali limemlipa asiyemaliza kitabu.

Nilipata kumshauri mwanachuo mmoja aligeuze swali hilo kabla hajaingia Kidato cha Tatu. Akaandika ubaoni: "Je, Kusadikika ni nchi isiyo na haki? Soma mwanzo na mwisho. Vinatoa jibu moja?" Nilikaa nyuma kama kawaida yangu. Kwa dakika kama kumi palikuwa na kimya, kile cha watu wanaofunua kurasa. Kisha mvulana mmoja akasema nchi ina haki, maana Mfalme amewaachia wote. Wengi wakamuunga mkono. Msichana aliyekaa karibu na dirisha akasimama, akasema: "Mwalimu, haki ya leo imetoka kwa Mfalme. Kesho akiamka na hasira je?" Mwalimu kijana, Mungu amjalie, hakumsifu wala hakumkosoa. Alimwambia, "Nionyeshe mahali." Msichana akafunua, akasoma mashtaka yaliyomleta Karama barazani, akasema kwamba Karama alikuwa anafundisha sheria kwa sababu hiyohiyo, ili watu wasitegemee huruma ya mtu mmoja. Basi, alisema, mwisho wa kitabu ni wa furaha kwa wafungwa, lakini haujawa bado mwisho wa dhuluma.

Nimesoma maandishi ya wahakiki waliosomea kazi hiyo vyuo vikuu ambayo hayakufika alipofika binti yule. Naye hakupewa nadharia yoyote. Alipewa swali lenye mlango ulio wazi, kisha akaambiwa aoneshe mahali.

"Nionyeshe mahali." Maneno mawili tu, na naona ni kidadisi bora kuliko vyote nilivyopata kuvisikia darasani. Yanafaa kwa mtoto wa darasa la nne na kwa mwanachuo. Hayamwambii mtu kwamba amekosea. Hayamsifu kabla ya wakati. Yanamfanya aweke kidole kwenye karatasi, na kidole kikiwa kwenye karatasi, mdomo hupunguza mbio. Mara nyingi nimeona mwanafunzi akikitafuta kifungu cha kuunga mkono maneno yake, akakisoma kwa sauti, kisha akanyamaza katikati, kwa sababu kifungu hakisemi alivyodhani. Ukimya ule mwalimu asiuharibu kwa kuharakisha.

Kuna jambo jingine katika kitabu hichohicho ambalo linatufunza hatari ya ushahidi wa bei rahisi. Shaaban Robert aliwapa wahusika wake majina yanayosema. Waziri ni Majivuno. Basi uliza darasa lolote, "Eleza sifa za Majivuno, toa ushahidi," utapata madaftari yote yameandika: Majivuno ni mtu mwenye majivuno, kwa mfano jina lake ni Majivuno. Usicheke, msomaji. Kwa mantiki ya swali, mwanafunzi amejibu. Ameombwa sifa, ameombwa ushahidi, na mwandishi mwenyewe ameubandika ushahidi kwenye paji la uso wa mhusika. Dawa yake nilijifunza kwa mkufunzi mwenzangu, marehemu sasa, ambaye alikuwa akiwaambia watoto: "Funikeni jina. Mwiteni Juma. Haya, Juma huyu amefanya nini hata mseme ana majivuno?" Ghafla kazi inaanza. Inabidi wasome jinsi anavyoitoa hotuba yake ya mashtaka, anavyojihesabia haki kabla ya kuambiwa na yeyote, anavyomtaja mshtakiwa. Wengine hugundua kwamba Juma huyu, ukimvua jina, ni mwerevu na ni msemaji hodari, na kwamba hatari yake imo humo.

Njia ya kufunika jina ina ukoo wake mbali na sisi. Katika miaka ya 1920, pale Cambridge, I. A. Richards aliwagawia wanafunzi mashairi yasiyo na jina la mtunzi, akawataka waandike waliyoyaona. Matokeo aliyachapisha mwaka 1929 katika kitabu chake Practical Criticism, na yaliwaaibisha wengi: wasomi waliozoea kulisifu jina hawakujua la kusema jina lilipoondolewa. Sisemi tuige kila kitu. Shairi la Kiswahili mara nyingi limetungwa kwa mtu fulani na kwa tukio fulani, na ukilikata na watu wake unabaki na mifupa. Lakini kama zoezi la juma moja katika muhula, lina faida.

Nirudi kwenye maneno yanayoamrisha. Chuoni tuliwafundisha wanachuo ngazi za Benjamin Bloom, zilizochapishwa Marekani mwaka 1956, kuanzia kukumbuka hadi kutathmini. Ni ngazi nzuri. Lakini niliona maajabu: mwanachuo akiambiwa maswali yake yako chini mno, alifuta "taja" akaandika "changanua", akafuta "eleza" akaandika "tathmini", na swali likabaki lilelile. "Tathmini dhamira tatu za mwandishi" ni "taja dhamira tatu" iliyovaa suti. Mtaala wa mwaka 2005 ulioelekeza walimu wa sekondari kwenye ujenzi wa umahiri uliongeza maneno ya namna hii katika maandalio, na wakaguzi walifurahi kuyaona. Kitenzi hakipandishi swali. Kinachopandisha swali ni kama mwanafunzi anaweza kwenda kitabuni na kurudi na jibu ambalo mwalimu hakulitarajia.

Majirani zetu wa Kenya wamekwenda njia nyingine, na kwa haki lazima isemwe kwamba katika jambo hili wametuzidi, kisha isemwe pia walipokwama. Tangu enzi za mtihani wa KCSE, ulioanza mwaka 1989, karatasi yao ya fasihi imependa dondoo: maneno machache ya mhusika yananukuliwa, na mtahiniwa anaambiwa aeleze muktadha wa dondoo hilo, mara nyingi kwa alama nne. Nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kwa sababu gani. Swali hili linaanza na maneno ya kitabu, si na hukumu ya mtunga mtihani. Linamfundisha mtoto kwamba sentensi haielei angani. Ina mwenye kuisema na mwenye kuambiwa. Laiti tungelichukua mapema. Ila mtihani una tabia ya kugeuza kila kitu kuwa sare ya shule. Pembe nne za muktadha zimekwisha kukaririwa kama beti za watoto, na viko vijitabu vinavyoorodhesha dondoo za kila sura pamoja na pembe zake nne, tayari. Mtoto anajua nani alisema na wapi, ukimuuliza "na ikiwa angeyasema maneno hayo kwa mtu mwingine, maana ingebaki?", anakutazama kama umemwomba nauli.

Swali la nani anasema na nani anaambiwa lingetuokoa hasa katika Utenzi wa Mwanakupona. Utenzi huu wa mwaka 1858 hupewa wanafunzi pamoja na kauli iliyo tayari, kwamba unamkandamiza mwanamke, thibitisha. Na ushahidi upo tele, maana mafundisho ya kumtii mume yamo humo kwa uwazi ambao leo unatushtua. Mwanafunzi anachukua beti tano, anamaliza. Lakini aliyeandika ni mama mgonjwa, mjane wa mtawala wa Siu, na anayeambiwa ni binti yake. Uliza badala yake: "Mama anayejiona karibu na kaburi anamwachia bintiye nini, na anaogopa nini kitampata?" Sasa beti zilezile zinaanza kusema mengine. Mwanafunzi mmoja anaweza kuona utii, mwingine akaona silaha za mtu asiyeruhusiwa silaha nyingine, wa tatu akashikilia kwamba bado ni ukandamizaji, tena uliopitia mdomo wa mama. Wote watatu wataonesha mahali. Mimi mwenyewe niko karibu na yule wa tatu, lakini nataka afike huko kwa miguu yake.

Huko ng'ambo, hasa Uingereza, walimu wameipa kazi hii umbo la hatua tatu: toa hoja, toa ushahidi, toa maelezo. Umbo hilo limetufikia pia, na walimu vijana wanawapa wanafunzi vianzio vya sentensi: "Naona kwamba... Katika ukurasa wa... mwandishi anasema... Hii inaonyesha kwamba..." Sina ugomvi na vianzio. Anayejifunza kuogelea apewe gogo la kushikilia. Lakini nimeyasahihisha mengi ya haya, na naomba uangalie ile hatua ya tatu, maana ndiyo inayojificha. Mwanafunzi anasema kwamba baba katika hadithi ni mkatili. Ananukuu: baba aliondoka bila kuaga. Kisha anaandika: hii inaonyesha kwamba baba ni mkatili. Amezunguka mbuyu akarudi alipoanzia. Kuondoka bila kuaga kunaweza kuonesha ukatili, haraka, aibu, au huzuni ya mtu asiyetaka watoto waone machozi yake. Ushahidi hausemi wenyewe. Ni kama mbao zilizolala kwa seremala. Si meza bado. Kwa hiyo baada ya "nionyeshe mahali", kidadisi cha pili lazima kiwe "inaonyeshaje?", na cha tatu, "inaweza kuonyesha nini kingine?" Hiki cha tatu ndicho kinachokosekana kabisa katika karatasi zetu, kwa sababu "thibitisha" halina nafasi ya kingine.

Na ukosefu huo una watu unaowaumiza. Miaka kadhaa kabla sijastaafu nilishiriki katika usahihishaji wa mtihani mmoja wa majaribio, mahali sitapataja. Swali lilisema kwamba watunzi wa tamthiliya huwachora wanawake kama watu wasio na maamuzi, na watahiniwa wathibitishe kwa tamthiliya mbili. Mtahiniwa mmoja, ambaye kwetu alikuwa namba tu, alithibitisha kwa tamthiliya ya kwanza. Alipofika ya pili akaandika, kwa mwandiko uliosimama wima, kwamba kwa kitabu hiki kauli si kweli, akataja mambo matatu aliyoyaamua mhusika wa kike, kila moja na onyesho lake. Nilikitazama kitabu. Alikuwa sahihi katika yote matatu. Msahihishaji akampa sifuri kwa sehemu hiyo na kuandika pembeni, "Hajajibu swali." Nilipinga. Nikaambiwa kwamba mwongozo wa usahihishaji una hoja za kukubali tu, na mwongozo haubadilishwi kazi ikiwa katikati. Jibu hilo lina mantiki yake ya utawala. Mtu aliyewahi kuongoza chuo hawezi kujifanya hajui kwa nini linatolewa. Lakini sifuri ilibaki. Katika robota lile la karatasi, namba ile ndiyo pekee iliyonihakikishia kwamba tamthiliya ya pili ilisomwa na mtu, na mwenyewe pengine aliondoka akiamini hajui kusoma. Walimu wake wakimshauri vizuri, walimshauri asirudie.

Hapo ndipo linaponitisha neno hili. Mtoto mwerevu anajifunza upesi. Kwa miaka minne au sita anafunzwa kwamba ukipewa kauli na mwenye mamlaka, kazi yako ni kuitafutia hoja tatu. Hafunzwi kamwe kuuliza kama kauli ni kweli. Kisha tunamtoa uraiani. Mimi sasa ni mzee wa kijiji, na wakati mwingine tunaombwa tukae kusikiliza ugomvi wa mipaka ya mashamba kabla haujafika mbali. Alikuja kijana mmoja, msomi, na karatasi safi kabisa. "Shikamooni wazee." Marahaba. Akasoma: hoja ya kwanza, hoja ya pili, mpaka ya tano, kila moja ikithibitisha kwamba jirani yake amevuka mpaka. Utangulizi ulikuwepo, na hitimisho. Nilijiona niko darasani. Mzee mwenzangu, ambaye elimu yake ni ya miaka minne tu, alimwuliza, "Mwanangu, ile minyaa ya zamani umekwenda kuitazama?" Hakuwa amekwenda. Tukainuka tukaenda wote. Mstari wa minyaa ulikuwepo, mingine imekatwa, visiki vyake vingali ardhini, na ulipita mahali ambapo hoja zake mbili ziliunga mkono na tatu zilikataa. Kijana hakuwa mwongo. Alikuwa ameanza na jibu, kama alivyofundishwa, akakusanya.

Ipo pingamizi moja ambayo naiheshimu. Mwalimu aliye darasani leo ataniambia: Mzee, wewe unasema "nionyeshe mahali", na mimi nina wanafunzi themanini na nakala sita za kitabu. Wataonyesha wapi? Ni kweli, na ni aibu yetu sote. Lakini kwa zoezi hili huhitaji kitabu kizima. Ukurasa mmoja ulionakiliwa kwa mkono nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, ukatundikwa ukutani, unatosha kwa vipindi viwili. Nimemwona mwalimu mmoja wa kike akiandika aya moja tu ubaoni, mistari tisa, kisha akafuta neno moja na kuliacha pengo. "Mwandishi aliweka neno gani hapa? Kwa nini unadhani hivyo? Neno gani jirani limekudokeza?" Watoto themanini, chaki moja. Walikisia maneno kumi na zaidi, wakatetea, wakakataana. Alipoliandika neno la mwandishi mwenyewe, wengine walinung'unika kwamba lao lilikuwa bora. Na mmoja, kwa kweli, lake lilikuwa bora.

Kingine kinachosumbua ni ushahidi wa nje ya kitabu. Tuliambiwa, na tukawaambia wengine, kwamba Kusadikika ni Tanganyika chini ya Mwingereza. Inawezekana kabisa. Mwandishi alikuwa karani katika serikali hiyo, na kitabu kilitoka miaka kumi kabla ya uhuru wa 1961. Lakini mahali hapo hapaonyeshwi ndani ya kitabu. Hakuna ukurasa unaomtaja Mwingereza. Ushahidi wake uko katika maisha ya mwandishi na historia ya nchi. Mwanafunzi ana haki ya kuambiwa kwamba hizi ni safari mbili: moja ya kwenda ukurasani, nyingine ya kwenda kwenye kumbukumbu. Akichanganya, atakuwa anaona wakoloni katika kila hadithi yenye mfalme, na ngano za sungura na fisi hazitapona.

Nimekwisha kuulizwa na watunga mitihani wawili watatu, kwa heshima zao, kama ninataka neno "thibitisha" lifutwe. La hasha. Maneno hayafutwi kwa kuchukiwa. Ningetosheka na nyongeza ndogo katika karatasi yenyewe, maneno yasiyozidi nusu mstari: "Thibitisha au kanusha, kwa ushahidi kutoka kitabuni." Na katika mwongozo wa usahihishaji, ambao mwanafunzi haujui lakini ndio unaomtawala, ziwekwe safu mbili mahali palipokuwa na moja: hoja za kukubali, na hoja za kukataa, zenye alama sawasawa. Kazi ya kuiandaa safu ya pili itamlazimu mtunga swali naye akisome kitabu mpaka mwisho. Baadhi yao, kwa maswali niliyoyaona, itawachukua likizo nzima.